Alama Mbili za Sufuria ya Maharage

Benchi letu lilikuwa la kanisa. Kanisa lenyewe lilihama mtaa wetu huu wa Doornfontein bila kuaga, likaacha nyuma benchi moja la mguu uliovunjika, nami nikaliegesha juu ya matofali mbele ya chumba cha mafundi cherehani, nikatia jiko langu la gesi pembeni, na tangu hapo sijajua tena kukaa peke yangu. Naitwa Mwanaasha. Nauza kahawa ya tangawizi na kashata. Kubishana ni bure. Jumamosi hiyo ilikuwa ya Julai, baridi kavu ya kupasua midomo, roboti ya kona, yaani taa za magari kama wanavyoziita huku, imekufa tangu Jumatatu, na mateksi yanapigiana honi mpaka vikombe vinacheza. Wanaume wangu wanne walikuwa wamekaa pale, watatu wanagombania dadu, na wa nne ana barua mapajani. Nitawasema leo, wallahi, na mimi nimo.

Yule wa nne ni Salvator. Mrundi, mlinzi wa maegesho ya magari, mtu wa maneno machache na viatu vilivyong'arishwa kila siku. Alikaa mwisho wa benchi, bahasha ya kaki imelala juu ya magoti, mkono juu yake kama anayezuia upepo usiipeperushe. Upepo haukuwapo. Bahasha tuliiona wote, na tulijua imetoka wapi, na hakuna aliyekuwa na ubavu wa kuitaja. Ndiyo maana wakakimbilia dadu.

Mchezo ni wa Roy. Roy ni Mkenya, fundi wa maabara pale chuoni ng'ambo ya barabara, na sisi tunamwita Refa. Alikuja nao miaka mitatu iliyopita: kitabu kinene, penseli, na dadu yenye nyuso ishirini. Kila mtu anajibunia mtu wake, mwizi au balozi au mganga, Refa anasimulia nchi wanayopita, na ukitaka kufanya jambo gumu unarusha dadu. Refa ana namba kichwani ameshaiweka. Ukiifikia umefaulu, usipoifikia imekula kwako. Kuruka ukuta unarusha. Kumbembeleza mlinzi wa lango akufungulie, unarusha pia, na hiyo wanaiita Ushawishi.

Sasa benchi likatunga sheria yake ambayo haimo kitabuni. Kabla hujarusha Ushawishi, lazima useme maneno yenyewe kwa mdomo wako, sote tusikie. Na kila kitu utakachotia ndani ya maneno yako, kitu cha kunusika au kushikika, unaongezewa alama mbili. Hakimu nilikuwa mimi, ambaye hata sichezi. Nikiwa namimina kahawa, neno likanigusa mpaka birika likasimama hewani, basi, alama mbili hizo. Niliipenda kazi ile kupita kiasi.

Aliyeanza siku hiyo ni Ogutu. Tunamwita Wakili, na sheria hajasoma hata ukurasa mmoja. Anafanya kazi benki, upande wa simu, kazi yake kutuliza wateja waliokasirika.

Wakili: Refa, nasema tena na sitachoka. Wiki iliyopita ulituonea. Salva alimwambia mlinzi wa lango maneno mpaka mimi nikafuta macho. Akarusha, ikatoka mbili, ukasema lango halifunguki. Mlinzi gani huyo, bana?

Refa: Mbili ni mbili.

Wakili: Na mwezi uliopita mimi nilisema "mkubwa, nifungulie," nikanyamaza. Ikatoka ishirini. Ukanifungulia, na ukanipa farasi!

Daktari: Farasi mweupe! Mimi nilinuna siku tatu.

Daktari ni Bertrand, Mrundi mwenzake Salvator, anauza kava za simu na kunyunyizia Kifaransa kila anaposema. Jina tulimpa kwa sababu kila tatizo duniani ana dawa yake, na hakuna aliyewahi kupona.

Refa: Sikilizeni. Ukiruka ukuta kwenye mchezo, mimi nakwambia simama uruke huu wa mafundi? Na kitambi hicho, Wakili? Mtu wako ndiye anayeruka. Basi na kusema ni hivyo hivyo. Kuna watu wana kigugumizi, kuna watu wana haya. Na wao wana haki ya kucheza balozi. Dadu ndiyo inayowasaidia.

Wakili: Inawasaidia kwa kumwadhibu anayejua kusema?

Refa: Anayejua kusema ameshaongezewa alama na Mama Kahawa. Salva alikuwa na nane. Ukirusha mbili, hata na nane, ni kumi. Lango lilikuwa kumi na tano.

Wakili: Basi tugeuze. Mtu arushe kwanza, aseme baadaye. Ikitoka mbili aharibu makusudi, ajikwae ulimi, amkosee mlinzi heshima. Hapo hata sisi tunaosikiliza tutaelewa amenyimwa kwa nini. Kinachouma si kunyimwa. Kinachouma ni useme vizuri halafu unyimwe.

Mimi: Nani anaishi hivyo, wewe? Jibu lije kabla ya maneno?

Wakili: Mimi, Mama Kahawa. Kila siku, saa mbili asubuhi mpaka kumi na moja. Mteja akinipigia, jibu lake liko kwenye skrini kabla hajasema hata jina. Anajieleza, mtoto mgonjwa, gari limeharibika, na mimi jibu naliona pale, hapana, nyekundu kabisa. Namwacha amalize. Tumefundishwa tuwaache wamalize. Halafu nasema pole sana.

Akacheka. Salvator aliisogeza bahasha kidogo, ikae sawa na ukingo wa goti. Nikamtazama Wakili jicho la kumtoboa, akajifanya kupuliza kahawa ambayo ilishapoa.

Daktari: Mimi naona tatizo ni dadu yenyewe. Mais oui! Refa, uliinunua wapi?

Refa: Kwenye mtandao. Imetoka ng'ambo.

Daktari: Umeona? Imetengenezwa na watu ambao hawajaulizwa karatasi tangu wazaliwe. Itamjuaje Mrundi? Ikimwona Salva inaona kitu kigeni, inatoa mbili. Tuichemshe. Maji na chumvi, dakika ishirini.

Mimi: Kwenye birika langu? Thubutu!

Daktari: Halafu lingine. Hata mlinzi ana dadu yake. Wewe unarusha ya kusema, yeye alisharusha ya kusikia, asubuhi, kabla hajafika kazini. Chai ilikuwa ya baridi, toa mbili. Kwenye roboti mbovu kakaa saa nzima, toa tano. Akifika kitini kwake hana tena masikio. Unamwimbia nani?

Wakili: Hilo lina maana.

Daktari: Na si yeye peke yake! Ndani ya zile kompyuta za ofisini kuna dadu. Vraiment! Wanaandika jina lako, wanabonyeza, inazunguka. Wenye majina marefu zinawatokea ndogo. Mimi nilikuwa mbele ya mtu foleni, jina lake herufi nne, alipata makaratasi siku hiyo hiyo.

Refa: Daktari, acha upuzi.

Daktari: Upuzi gani? Wewe uliingia kwa ndege, na barua ya kazi. Utajua nini?

Refa: Hakuna dadu kule! Hakuna! Kuna faili. Wanafungua faili, wanasoma ulichosema zamani, wanalinganisha na ulichosema leo. Basi! Hakuna anayetaka uwatoe machozi!

Neno faili likaanguka katikati yetu. Refa mwenyewe aliziba mdomo. Hata Daktari, ambaye hanyamazi kanisani, alianza kuhesabu kava zake.

Niwaambie sasa, maana hakuna mwingine atakayesema. Salvator aliingia nchi hii mwaka elfu mbili na tano, na mkewe. Bijou, binti yao wa pekee, alizaliwa hapa mwaka mmoja baadaye. Siku ya kwanza kwenye ofisi ya wakimbizi walimkalisha mbele ya mkalimani aliyekuwa na haraka. Akaulizwa kwa nini alikimbia. Akasema nusu ukurasa: walikuja tumelala, tukakimbia, mama yangu hakutoka. Kisha akaweka sahihi. Kwa nusu ukurasa ule ameishi na karatasi ya muda ya kuhuishwa, leo ipo, kesho iko hatarini, miaka yote hii. Mwisho akaambiwa kutakuwa na kikao kimoja cha kumsikiliza, cha mwisho, na afisa akiridhika watapata karatasi ya kudumu, yeye na familia yake. Na mtoto ndiye aliyekuwa na shida kubwa. Bijou alimaliza matriki, mtihani wa mwisho wa sekondari, mwaka jana kwa alama za kujivunia, chuo hiki hapa ng'ambo kimempa nafasi, wamemshikia mpaka Januari. Wanangoja karatasi tu. Kila asubuhi anapita mbele ya lango lile kwenda kusuka watu nywele.

Salvator si msemaji. Wakili ndiye aliyemwambia, hapa hapa, "Mzee, ingia mchezoni. Ukijua kumlainisha mlinzi wa lango la Refa, yule wa ofisini ni mteremko." Sote tukasema ndiyo, wazo zuri. Basi mtu aliyejibunia Salvator hakuwa balozi wala mwizi. Alikuwa mtu aliyekimbia kwao usiku, na kila Jumamosi anasimama mbele ya lango fulani anaeleza. Mwanzo alieleza nusu ukurasa ule ule. Dadu ikamtupa. Tukamwambia, tia kitu, Salva, tia kitu tukione. Akatia mvua, nikasimamisha birika. Akatia mlango wa bati. Wakili akamfundisha atulie kidogo kabla ya kutaja mama. Na siku moja, miaka miwili iliyopita, akiwa amekwama, mimi kwa mdomo wangu huu nikamwuliza, "Mama yako alikuwa anapika nini?" Akanitazama tu. Nikasema, "Maharage? Yameanza kushika chini?" Akafumba macho. Akasema, "Ndiyo. Maharage. Alikuwa anayakoroga." Na machozi yakamtoka. Nikajipa mwenyewe sifa, nikampa alama mbili, akarusha, lango likafunguka, benchi zima likapiga makofi mpaka mafundi wakatoka nje.

Kuanzia siku hiyo maharage hayakutoka tena. Kila lango, maharage. Mpaka Jumanne ya wiki ile ile, ambapo aliyasema ofisini mbele ya mama mmoja mwenye miwani, kwa sauti nzuri, kwa kutulia pale alipofundishwa kutulia. Yule mama akafungua faili. Akasoma nusu ukurasa. Akauliza swali moja: watu waliolala walikuwa wanakoroga nini? Barua ikaja asubuhi ile. Maelezo yanapingana, mwombaji si wa kuaminika, ombi limekataliwa, ana siku kumi na nne kukata rufaa.

Salvator: Refa.

Lilikuwa neno lake la kwanza tangu aketi.

Refa: Naam, mzee.

Salvator: Namba ilikuwa ngapi?

Refa: Namba gani?

Salvator: Ya yule mama. Wewe huwa unaiweka kichwani kabla mtu hajasema. Yeye alikuwa ameweka ngapi?

Refa aliokota dadu kutoka kwenye benchi, akaigeuza geuza kama anayetafuta pale ilipoandikwa.

Refa: Mzee Salva, kitabu kinasema kuna milango usimpe mtu dadu. Kama haiwezekani, mwambie haiwezekani. Ukimpa dadu unamdanganya.

Salvator: Kwa hiyo ule ulikuwa hivyo?

Refa: Sijui. Labda ulikuwa hivyo. Au labda ungepita kwa nusu ukurasa wako, kama sisi tungekaa kimya.

Salvator akaitika kwa kichwa, polepole, kama mtu anayeelekezwa njia. Hakukasirika. Laiti angekasirika! Angemwaga kahawa yangu, angevunja kikombe, ningeshukuru. Badala yake alinishukuru mimi kwa kahawa na kunirudishia kikombe kikiwa kimejaa.

Wakili: Hapana, ngojeni. Bado tuna rufaa. Siku kumi na nne ni nyingi. Tunaandika kwamba mkalimani wa kwanza alikosea.

Refa: Aliweka sahihi, Wakili.

Wakili: Kwa lugha asiyoisoma!

Daktari: Au hivi. Maharage yetu ni magumu, sivyo, Salva? Yanachukua saa sita, saba. Mama anabandika jioni, anapunguza moto, analala. Watu wamelala, na maharage yanapikwa. Voilà! Hakuna linalopingana na lingine.

Wakili: Na kukoroga? Anakoroga amelala?

Daktari: Anaamka kukoroga. Anaamka, anakoroga, analala tena. Ndiyo maana yeye aliwasikia wa kwanza. Alikuwa ameshika mwiko!

Wakili: Eish. Mwiko mkononi. Hilo ni zuri, bana.

Daktari: Mwiko wa mti, umeungua ncha.

Wakili: Mama Kahawa, hizo si alama mbili?

Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa namimina, na birika lilikuwa limesimama hewani.

Hapo ndipo tulipomwona Bijou. Alikuwa amesimama nyuma ya benchi, sijui tangu lini, amevaa koti la baba yake, mikono bado ina mafuta ya nywele. Barua ile ni yeye aliyemsomea baba yake asubuhi, maana Salvator Kiingereza cha ofisi hakipati vizuri. Kiswahili Bijou anakisikia chote, lakini kukisema anapapasa, anachanganya na Kizulu akiwa na wenzake. Siku hiyo, ukiacha salamu yake ya Kizulu, hakuchanganya. Alilitafuta kila neno.

Bijou: Sanibona. Anti, shikamoo.

Mimi: Marahaba, mwanangu. Kaa, upate kahawa.

Bijou: Sitaki kukaa. Baba, nataka kuuliza kitu kimoja.

Salvator: Uliza.

Bijou: Bibi alikuwa anapika?

Wakili akatazama viatu vyake. Refa akafumba ngumi juu ya dadu.

Bijou: Mimi sina picha ya bibi. Hakuna hata moja. Nina hiyo sufuria tu. Niliandika kwenye barua yangu ya kuomba chuo, bibi yangu anakoroga maharage. Mwalimu akasema ni nzuri sana. Sasa leo nasoma, yule mama anasema si kweli. Baba, ilikuwa kweli, au ilikuwa ya mchezo?

Salvator alifungua mdomo. Nikasikia akivuta pumzi, na nilijua ile pumzi, ni ile tuliyomfundisha avute kabla ya kumtaja mama yake. Nadhani na yeye aliijua, maana aliikata katikati, akafunga mdomo tena. Akajifuta uso kwa kiganja.

Salvator: Siku ile Mama Mwanaasha aliposema maharage, nilisikia harufu yake. Hapa hapa, nimekaa. Yanaungua chini. Nilisikia kabisa, Bijou. Nikasema, basi, ni kweli, ndiyo nimekumbuka.

Bijou: Kwa hiyo yalikuwepo.

Salvator: Nilisikia harufu.

Akanigeukia mimi. Wote wakanigeukia, maana mimi ndiye hakimu. Nikashika birika nimmiminie mtoto kahawa, nipate cha kufanya na mikono, likatoa vijiko viwili vya machicha likakauka.

Harufu alisikia, hakudanganya. Siku ile nilikuwa nimebandika chakula changu cha mchana kwenye jiko hili hili, hatua moja kutoka alipokaa. Maharage. Nilinogewa na mchezo nikasahau kuongeza maji, yakaanza kushika chini, na ndipo nilipofungua mdomo nikamwuliza mama yake alikuwa anapika nini.

Bijou bado alikuwa ananitazama, anangoja.